Msalaba Wenye Jina Langu

Kama umekaa kwenye benchi la barazani ukingoja zamu yako kwa kine, na kichwa chako au cha ndugu yako kimefungwa bandeji, nakuandikia wewe. Kine ndivyo tunavyomwita mtu anayefundisha viungo kufanya kazi upya, na huenda umeshamchukia. Sitakueleza ubongo ni nini. Nilisomea ualimu, na hata yale niliyosoma yalitoka kichwani karibu yote, kisha yakarudi kwa kuchagua, kama wageni wanaofika wanapotaka wenyewe. Nitasema tu nilichokiona. Mimi nilipokuwa kwenye benchi hilo hakuna aliyenieleza kitu, na mtu mwenye wasiwasi kama mimi asipoelezwa hujieleza mwenyewe, na maelezo yake huwa mabaya kuliko ukweli. Mara moja tu ukweli ulikuwa mbaya kuliko nilivyowaza.

Ilikuwa mvua za mwisho. Nilipanda pikipiki Wamaza nikienda Kasongo kutafuta nafasi ya kufundisha. Motari wangu aliitwa Asumani, kijana aliyetoka mbali, upande wa Kivu, akaja Salamabila kufuata dhahabu, mashimo yakamchosha, akaanza kubeba watu. Kwetu, njia ikiwa ya matope, motari hakubali abiria apande na mfuko mgongoni, kwa sababu kwenye mlima mfuko humvuta abiria nyuma, naye abiria humvuta motari. Mfuko huvaliwa na motari mwenyewe, mbele, kifuani. Asumani akauvaa wangu. Ndani mlikuwa na diploma yangu na kadi yangu ya kura. Akaupigapiga kama mtoto anayebembelezwa.

"Sasa mimi ndiye lisansie, mutu ya diploma," alisema. "Wewe uko motari. Sema, unanipeleka wapi?"

Nilicheka. Hapo ndipo kumbukumbu yangu inapokatika. Daraja la miti karibu na Lusangi nimesimuliwa tu, na bonde lililo chini yake nimesimuliwa tu.

Nilipofumbua macho hospitalini Kasongo, watu walikuwa wananiita Asumani.

Sikushangaa. Sikujua kama ndilo jina langu au silo. Nilidhani huenda ndilo, na kwamba nitalizoea. Muuguzi akisema "Asumani, fungua kinywa," nilifungua. Upande wangu wa kulia ulikuwa umelala: mkono, mguu, nusu ya mdomo. Nywele zilikuwa zimenyolewa na kidonda kilipita juu ya sikio. Siku moja wakaja wanaume wawili wenye makoti ya mvua, wakasimama miguuni pa kitanda. Walinitazama muda mrefu. Mmoja akainama, akaivuta midomo yangu kwa kidole kama anayenunua mbuzi.

"Huyu haiko Asumani," akasema. "Asumani iko na pengo ya jino hapa mbele."

"Basi huyu ni nani?"

Wakatoka haraka, wakaacha ndizi walizomletea rafiki yao. Muuguzi alinilisha ndizi hizo. Mpaka leo sizipendi.

Baadaye, sijui baada ya muda gani, alifika mama yangu kutoka Wamaza, pamoja na Baba Mudogo Anselmi, mdogo wake marehemu baba. Mama alikuwa amefunga kitambaa kichwani, chini kabisa, mpaka kwenye nyusi. Hakugusa uso wangu kwanza. Alifunua shuka miguuni, akavishika vidole vyangu kimoja kimoja, akabonyeza kovu la kisigino nililolipata utotoni. Ndipo akakaa chini sakafuni.

"Ni yeye," akamwambia Baba Mudogo.

"Uko hakika?"

"Anselmi, mimi ndiye nilimuzaa."

Nilidhani wana shaka tu kwa sababu uso ulikuwa umevimba. Ndivyo nilivyojieleza.

Nikuambie kuhusu maneno, kwa sababu hilo linatisha kuliko mguu. Nikitaka maji nilisema jembe. Nikitaka kusema mama nilisema mlango. Maneno ya kwanza kurudi sawasawa yalikuwa ya Kibangubangu, yale ya bibi yangu ya jikoni: jivu, chumvi, njoo, toka. Kiswahili kikafuata polepole. Kifaransa, ambacho nilikipatia diploma, kilikuja mwisho kabisa, na kimerudi kinachechemea kama mimi. Nililala nikijiuliza: kama maneno yametoka, ni nani aliyebaki anayeuliza? Usijiulize hivyo. Hakuna faida, na chakula kinapoa.

Chumba cha kine kilikuwa mwisho wa baraza. Ndani mlikuwa na vyuma viwili vya kushikilia, ngazi ya mbao isiyokwenda popote, na mkeka. Papa Kine alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya mnada. Siku ya kwanza mama alimwomba anifundishe kutembea.

"Wote wanataka kutembea," akajibu. "Kutembea ni kitu ya mwisho, mama. Huyu mutoto ataanguka sana katika maisha yake. Tuanze na kuamuka." Akanigeukia. "Lisansie, lala chini."

Nikalazwa kwenye mkeka. Geukia upande mzima. Kiwiko. Goti. Mguu mzima mbele. Sukuma dunia. Asubuhi na jioni, kiangazi chote, sikufanya kitu kingine kwa bidii kama hicho. Nilijiona kama mende aliyepinduliwa. Papa Kine alihesabu kwa kelele, na nikikata tamaa alisema, "Dunia haijasukumwa bado, iko pale pale."

Kwenye benchi jirani yangu alikuwa Kisubi, mchimbaji wa Salamabila aliyeangukiwa na jiwe shimoni. Yeye maneno yake hayakupotea, yaliongezeka. Aliniita Karatasi kwa sababu ya diploma.

"We Karatasi, umesoma miaka yote hiyo, na leo unafundishwa kukaa?"

Nilitaka kumjibu, ikatoka "chumvi."

"Chumvi!" akacheka mpaka akashika kichwa. "Mwalimu amesema chumvi. Andikeni."

Alinisaidia kuliko alivyojua, kwa sababu nilitamani sana kupona angalau nimtukane. Lakini wakati mwingine, katikati ya kicheko, Kisubi alinyamaza ghafla, macho yakaangalia pembeni, mkono ukatetemeka kidogo, kisha akaendelea kana kwamba hakuondoka. Papa Kine aliliona hilo. Ndugu zake Kisubi walipokuja kumchukua wakisema shimo lao limeanza kutoa dhahabu, Papa Kine alikataa. Wakamwambia, "Anasimama, anacheka, nini tena?" Wakamchukua. Aliondoka akipunga mkono na kunitukana kwa furaha. Mwezi haukuisha tukasikia kwamba alianguka mtoni akioga, mahali ambapo maji hufika magotini, na hakuamka. Tangu siku hiyo nilihesabu kila mtetemo wa kidole changu kama ujumbe kutoka kwake. Na benchi lile, nakuambia, sikukaa tena upande wake.

Nywele zangu zilianza kuota, ngumu, zikikwepa kovu. Asubuhi moja kati ya vyuma viwili niliteleza, nikashika kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa kitambaa cha mama. Kikatoka. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa, kinang'aa kabisa.

Kwetu mwanamke hanyoi hivyo bila msiba. Alikifunga upesi, akasema, "Simama vizuri," kana kwamba sikuona kitu. Siku chache baadaye Baba Mudogo akavua kofia yake kufuta jasho. Naye vilevile.

Sasa wape watu wenye wasiwasi kazi kama hiyo. Nilianza kuwahesabu wa nyumbani. Baba alikufa zamani. Dada yangu Furaha nilisikia sauti yake kwenye simu ya Baba Mudogo. Bibi? Nikauliza kwa ishara, nikaambiwa yuko shambani anavuna karanga. Nilipima pia nywele. Zangu sasa zilishikika kati ya vidole. Za mama, kila upepo ulipoinua kitambaa, hazikuwapo. Maana yake alikuwa ananyoa tena na tena, hapo hospitalini, mahali nisipoona. Msiba gani haufungwi? Nikahitimisha kwamba daktari amewaambia nitakufa, nao wameanza mapema ili wasichelewe. Niliacha kula. Mama akadhani ni tumbo.

Mwishowe neno nililolihitaji likaja. Tulikuwa barazani, Papa Kine alikuwa amenipa kazi ya kuchambua maharage kwa mkono wa kulia, punje moja moja, na mama alikuwa ananirudishia zilizoanguka. Nikagusa kichwa changu, nikaelekeza chake.

"Nani alikufa?"

Akaendelea na maharage.

"Mama. Nani?"

"Wewe," akasema.

Punje zikaendelea kuanguka. Nafikiri ni mkono wangu uliokuwa unaziangusha.

Akanieleza bila kuinua macho. Watu wa Lusangi walikuta watu wawili chini ya daraja, mmoja anapumua, mmoja hapumui. Yule asiyepumua uso wake haukuwa wa kutazamwa, lakini kifuani alikuwa na mfuko, na ndani ya mfuko mlikuwa na kadi yangu na diploma. Wakajua huyu ni mtoto wa Wamaza, na anayepumua ni motari. Anayepumua wakampeleka Kasongo juu ya kipoyi, ile machela yetu ya miti. Mwingine hawakuweza kumrudisha kwetu kwa sababu mto ulikuwa umejaa. Katekista akamzika pale pale, wakasimamisha msalaba, wakachoma jina langu kwenye mti kwa chuma cha moto. Maji yalipopungua, mama na ndugu walifika, wakalia juu ya kaburi, wakanyoa, wakarudi Wamaza kulala matanga. Walikuwa bado wanalala nje wakati wamotari wawili walipofika nyumbani na kusema, "Mama, kule Kasongo kuna mutu, lakini haiko mwenzetu."

"Lakini niko hapa," nikasema. Ilinichukua muda mrefu kulisema.

"Uko hapa," akajibu mama. "Na kule uko. Matanga haijafungwa."

Jioni hiyo Baba Mudogo alinieleza kilichobaki. Wazee walikutana. Motari alitakiwa apate kaburi lake kwa jina lake na kwa dini yake. Alikuwa Mwislamu, naye amelala chini ya msalaba. Lakini jina la mtu aliye hai, likishasimamishwa juu ya kaburi, haliondolewi na mtu mwingine. Anayeliondoa anakuwa amemtoa mwenye jina duniani. Wamotari wenyewe walikubali: watangoja.

"Mwenye jina ndiye ataung'oa," alisema Baba Mudogo. "Kwa mukono yake, kwa miguu yake. Tukikubeba kwa kipoyi mpaka kwa kaburi yenye jina yako, wewe umesoma, tuambie: hiyo itaitwa nini?"

Unaweza kusema haya ni mambo ya wazee tu. Mimi pia nimejaribu kusema hivyo. Jaribu kulisema ukiwa na nusu ya mwili.

Mpaka msalaba ule ung'oke, mama hangeacha nywele ziote, wala nyumbani hawangeondoa majivu ya moto wa matanga uani. Hicho ndicho kilichokuwa kinaningoja. Papa Kine hakuwa na habari. Aliposikia alikwenda nyuma ya jengo, akarudi na mpini wa jembe na ndoo ya mchanga, akauchomeka.

"Lisansie, ng'oa."

Sikuweza. Vidole vya kulia vilifunga, vikafunguka vyenyewe, kama mlango usio na komeo. Kila siku alishindilia mchanga zaidi. Wagonjwa walikaa kutazama, wengine wakashangilia kama mpira. Mama mmoja wa kitanda cha dirishani, ambaye mumewe alikuwa hajafumbua macho, kila nikishindwa aliniletea sombe, mboga ya majani ya muhogo, kwenye kibakuli, akasema, "Kula, kesho mpini utachoka mbele yako." Hakuwa ananijua. Kama uko hospitalini na mtu kama huyo akikuletea chakula, pokea, hata kama huna njaa.

Kiangazi kikaanza kuisha. Moshi wa mashamba yanayochomwa ulifunika mji, na mawingu yakaanza kukusanyika kila alasiri bila kufanya kitu. Baba Mudogo alikuwa anatazama juu kuliko alivyonitazama mimi.

"Mvua ikinyesha vizuri lile daraja litakwenda tena," alimwambia Papa Kine. "Tunaondoka wiki hii."

"Mukono bado. Na kichwa sijui. Anaweza kupata kifafa njiani."

"Dokta, mama yake analala na watoto wawili, mumoja kitandani, mumoja chini ya udongo. Unataka alale hivyo mpaka lini?"

"Kisubi alitoka hapa akicheka, papa."

"Usimutaje huyo mbele ya mutoto!"

"Mutoto anajua. Mutoto anajua yote, ndiyo ugonjwa yake."

Walikuwa wamesogeleana. Mama alisimama katikati yao, mfupi kuliko wote wawili.

"Mvua ya kwanza," alisema. "Mvua ya kwanza ikinyesha, atalala chini kwa mukeka. Akiamuka peke yake, bila ukuta, bila mutu, tunaenda. Asipoamuka, daraja iende na maji, mimi nitaendelea kunyoa."



Mvua ya kwanza ilipiga bati za hospitali mchana, kwa kishindo, watu wakakimbia kuingiza nguo. Nililala kwenye mkeka kabla sijaambiwa. Mara ya kwanza goti liliteleza. Mara ya pili nilisimama, nikitetemeka, mbele ya watu walioloa. Papa Kine hakushangilia. Alinikabidhi kopo la dawa za kuzuia kifafa, akasema, "Hizi usiache hata ukijisikia kama simba." Nami nakuambia hivyohivyo. Kisubi hakuwa nazo.

Tulikwenda kwa pikipiki, nimefungwa kwa kitenge kwenye mgongo wa motari, Baba Mudogo nyuma yangu. Mfuko wangu niliuvaa mwenyewe, mbele. Motari alitaka kuuchukua, nikakataa kwa sauti iliyomshtua.

Lusangi tuliwakuta wale wamotari wawili wakingoja, pamoja na mzee mmoja mwenye kanzu, wa msikiti. Mama alikuwa ameshafika. Kijia cha makaburini kilishuka, chekundu, kimeloa. Niliwaacha juu nikashuka peke yangu, nikiburuza mguu.

Nilikuwa nimeuwaza msalaba huo sana hata nikauogopa ungekuwa mkubwa. Ulikuwa mdogo. Ulifika kiunoni. Jina langu lilikuwa limechomwa kwa uangalifu, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu wa sasa, bila kosa hata moja. Nilisimama nikalisoma zaidi ya mara moja, na kwa kitambo nilielewa kwamba ingekuwa rahisi sana. Kila kitu kilikuwa tayari. Walikwisha kulia. Nilichotakiwa ni kukaa tu.

Nikaushika kwa mikono miwili. Wa kulia ukafunguka. Nikaufunga tena, nikaukandamiza kwa wa kushoto, nikaegemea nyuma. Udongo ulikuwa umelainika. Ulikataa, ukakataa, kisha ukaachia wote kwa pamoja. Nikaanguka chali, msalaba ukaja juu yangu, ukalala kifuani, pale mfuko ulipokuwa.

Nilisikia mama akipiga kelele, na Baba Mudogo akisema, "Muache! Muache, usimuguse!"

Nilikuwa nimelala sambamba na kaburi, urefu mmoja nalo. Matone yaliniingia machoni. Kidole kimoja cha kulia kilitetemeka, nikamngoja Kisubi. Hakuja. Ikaja sauti ya mnada: geukia upande mzima. Kiwiko. Goti. Nikauweka msalaba kando. Mguu mzima mbele. Nikaisukuma dunia, nayo, kama kawaida yake, ikabaki pale pale. Mimi ndiye niliyepanda.

Niliposimama nikasema neno ambalo tangu hospitalini halikuwahi kunitoka mdomoni.

"Asumani."

Wamotari wakashuka. Yule aliyekuwa amenivuta midomo alichuchumaa, akapiga udongo kwa kiganja.

"Bwana, ulijificha vizuri," akasema. "Tulikutafuta." Kisha mzee wa msikiti akaanza dua.

Mama alikuja wa mwisho. Alivua kitambaa, akaacha mvua inyeshe juu ya kichwa chake kitupu. Alimngoja mzee amalize, akawaambia wamotari:

"Mukimupata mama yake, mumwambie mutoto yake alililiwa. Sikujua jina, lakini nililia kama mama. Sikulia nusu."

Msalaba tulirudi nao Wamaza. Baba Mudogo alijaribu kuuchoma pamoja na mabaki ya matanga, ukakataa kushika kwa sababu ya maji. Uko nyuma ya jiko unakauka. Majivu yalifagiliwa. Natembea kwa fimbo, nafundisha asubuhi, maneno yakipotea wanafunzi hunitajia, nao wanafurahi. Dawa nakunywa. Nywele za mama sasa zinasukika.

Mama yake Asumani hatujampata. Wamotari wana namba moja tu, haipiti. Kwa hiyo mahali fulani huko Kivu kuna mwanamke ambaye bado anasuka nywele zake, anauliza wapita njia habari za Salamabila, na anaambiwa ile habari ya kwanza, kwamba mwanawe yuko hospitalini Kasongo, amefumbua macho, anaitika jina lake.